Uniti za Kupandia Mlima

Umeme wa uhakika ukifika mahali, mtu wa kwanza kupiga hesabu ni mwenye mashine ya kusaga. Ruvuma nayo haikuwa tofauti baada ya mwaka 2018, njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilipoingia Songea na majenereta ya dizeli ya TANESCO yakazimwa. Magazeti yaliandika habari za majenereta. Habari za mashine za kusaga hazikuandikwa, ingawa hizo ndizo zinazogusa sufuria za watu.

Kazi yenyewe huwa fupi. Fundi anafungua boliti zilizoshika injini ya silinda moja kwenye zege. Watu wanne wanaiinua pamoja na gurudumu lake zito, wanaitua nje ya banda ikiwa bado inadondosha oili. Pahali pake inakaa mota ambayo mtu mmoja mwenye nguvu anaweza kuisogeza peke yake. Hapo ndipo akili inapohitajika, kwa sababu mota huzunguka kwa kasi kuliko injini ile ya zamani. Puli yake lazima iwe ndogo zaidi, la sivyo kinu kitakwenda mbio na unga utatoka umeungua. Puli sahihi ikipatikana, mkanda uleule unarudi, kinu kilekile kinaendelea, na mama aliyeleta debe la mahindi haoni tofauti isipokuwa kwamba sasa anaweza kuzungumza na mwenzake bila kupaza sauti.

Mtu aliyewahi kusimama kwenye banda kama hilo akiambiwa kuwa Land Rover ya zamani inaweza kutolewa injini ya dizeli ikawekewa mota ya umeme, hatashangaa sana. Kazi ni ileile. Tofauti ziko mbili tu, na zote mbili zina gharama. Kinu hakiendi popote, kwa hiyo umeme hukifuata kwa waya. Gari hulazimika kubeba umeme wake lenyewe. Na gari la Mbinga, hukohuko Ruvuma, likishaubeba, lina mlima wa kupanda.

Magari ya kufanyiwa majaribio hayakosekani. Pita kwenye nyua za misheni, za hospitali na za vyama vya ushirika wa kahawa, kuanzia Peramiho hadi Liuli, utaona mikweche iliyopaki juu ya mawe, magurudumu yamekwenda kusaidia gari lingine. Land Rover ndiyo inayodumu zaidi katika hali hiyo, kwa kuwa bodi yake ni ya aluminiamu, haishiki kutu. Kinachooza ni chesesi, tena polepole. Yalikuwa magari ya kazi kweli. Kabla ya lami, kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, ziwani Nyasa, kipindi cha masika ilikuwa safari ya majembe na minyororo, na si kila aliyeondoka asubuhi alilala alikokusudia. Injini zilikufa, spea zikaadimika, wenye magari wakanunua Toyota. Mabodi yakabaki yanatazama barabara.

Kung'oa mtambo mmoja na kuweka mwingine ni desturi ya zamani kwenye maziwa yetu kuliko kwenye barabara zetu. Meli Chauncy Maples ya misheni ya UMCA iliundwa Glasgow mwaka 1899, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa ziwani Nyasa, ikashushwa majini mwaka 1901. Boila lake la tani 11 halikuweza kuvunjwa vipande. Wangoni wapatao 450 walilivuta kwa kamba nchi kavu umbali wa zaidi ya kilometa 100. Meli hiyo ilikula kuni za misitu ya pwani ya ziwa kwa zaidi ya nusu karne, ikiwa zahanati, shule na kanisa kwa pamoja. Katika miaka ya 1960, Malawi ikiwa imeichukua, boila lililowatoa jasho wale wanaume likaondolewa na injini ya dizeli ikaingia. Kwenye Ziwa Tanganyika, meli Liemba, iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na Waingereza mwaka 1924 na kurudi kazini 1927, nayo iliacha mvuke ikaingia dizeli katika miaka ya 1970. Hakuna aliyesema meli hizo si zilezile. Bodi nzuri ilikuwa mali, mtambo ulikuwa wa kubadilishwa.

Kwenye barabara, Afrika Mashariki imeanza juzi tu. Mwaka 2017 vijana kutoka Sweden walianzisha jijini Nairobi kampuni iliyoitwa Opibus, na kazi yao ya mwanzo ilikuwa hiyohiyo: kuchukua Land Cruiser na Land Rover zilizokwisha kutumika, kuzitoa injini na kuzipa mota na betri, hasa kwa ajili ya makampuni ya utalii. Mwaka 2018 kampuni ya utalii ya Mount Kilimanjaro Safari Club, ikishirikiana na Wafaransa wa Carwatt, iliingiza Serengeti gari la utalii lililobadilishwa kwa namna hiyo. Arusha, Hanspaul, waliojulikana kwa miaka mingi kwa kuunda mabodi ya magari ya watalii, nao wakaingia katika kazi hiyo. Dar es Salaam, Machi 2022, mchora katuni na mtangazaji Masoud Kipanya alizindua gari dogo la umeme aliloliunda, na kwa siku kadhaa nchi nzima ikawa na maoni kuhusu mota.

Mbugani mambo yalikwenda vizuri kwa sababu ambazo Mbinga inafaa kuzitazama kwa makini. Gari la watalii hutembea polepole, husimama mara nyingi, halimalizi kilometa nyingi kwa siku, na jioni hurudi kambini palepale lilipotoka, penye paneli za sola. Juu ya hayo, abiria wake analipa kwa dola na anafurahia kumsogelea simba bila mngurumo. Ondoa hayo yote, mpe dereva magunia ya maharage na abiria saba wenye haraka ya kuwahi mnada, uone mota ileile itasemaje.

Tuseme basi mtu ameamua. Ana Land Rover, ana uwanja, ana mwembe wa kufungia mnyororo wa kuinulia injini, na ana rafiki anayejua kusuka mota zilizoungua. Siku ya kwanza ni ya kutoa tu, nayo ni siku ya furaha. Injini inatoka, na pamoja nayo rejeta, bomba la moshi, tanki la mafuta, chujio, stata na dainamo. Gari linapungua uzito kwa mamia ya kilo, springi za mbele zinanyanyuka, na chini ya boneti panabaki uwazi ambao watoto wa jirani watakuja kuutazama. Busara ni kupima uzito wa kila kitu kinachotoka, maana betri zitakazoingia lazima zikaribie uzito huo na zigawanywe mbele na nyuma. Gari lililobebeshwa betri zote nyuma huinua pua, na usukani wake hukosa utii kwenye kona.

Siku ya pili furaha inaisha, kwa kuwa mota lazima iungane na gia boksi. Wabadilishaji wengi wa nyumbani huiacha gia boksi ya zamani mahali pake, kwa sababu inajua kazi yake na difu zinaitegemea. Lakini mdomo wa gia boksi ulitengenezwa kupokea injini fulani, na mota ilitengenezwa China bila kuwaza Land Rover. Katikati inahitajika sahani nene ya aluminiamu au chuma, yenye matundu ya upande huu na ya upande ule, na kiungo cha kushika shafti mbili zizunguke kama moja. Hapa ndipo gereji nyingi za nyumbani, duniani kote, zimekwama. Shafti zikipishana hata kwa sehemu ndogo ya milimita, gari litatembea siku ya kwanza na kila mtu atapiga makofi. Baada ya majuma machache beringi zitaanza kulia, kisha zitavunjika, na fundi atalaumu betri. Kazi hiyo inataka mashine ya kukereza vyuma, geji ya kupimia, na mtu asiyeona aibu kuirudia. Watu hao wapo. Karakana za Peramiho, misheni iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1898, zimezalisha mafundi wa chuma kwa vizazi, na VETA Songea inaendelea kuwafunza wengine.

Kuna mambo mengine ambayo injini ilikuwa ikiyafanya kimyakimya, na hakuna aliyeishukuru. Busta ya breki hutegemea mnyonyo wa hewa unaotoka upande wa injini. Injini ikiondoka, breki zinakuwa ngumu kukanyaga, na mlimani hilo ni jambo la kufa na kupona. Inabidi pampu ndogo ya umeme ya kunyonya hewa. Taa, honi na waipa vinataka volti 12, wakati betri kubwa ina volti 96, 144 au zaidi. Inabidi kifaa cha kushusha volti. Usukani wa hadroliki, kama upo, nao unataka pampu yake. Kwa hiyo anayesema "natoa injini, naweka mota" amesema nusu tu ya kazi.

Baada ya mota inakuja kontrola, sanduku linalopima umeme uende kiasi gani mguu unapokanyaga pedeli, na baada ya kontrola zinakuja betri. Zinazofaa zaidi kwa kazi ya nyumbani ni za lithiamu zenye chuma na fosfeti. Hubeba umeme pungufu kidogo kwa kilo moja kuliko aina nyingine za lithiamu, lakini haziwaki moto kirahisi na huvumilia kuchajiwa zaidi ya mara 2,000. Kila seli lazima iangaliwe na kifaa cha ulinzi kinachozuia moja isijae kupita kiasi huku nyingine ikinyongea. Kuacha kifaa hicho ili kuokoa pesa ndiyo njia ya haraka ya kuua betri zote.

Sasa mlima. Mji wa Mbinga uko zaidi ya meta 1,300 kutoka usawa wa bahari. Maji ya ziwa pale Mbamba Bay yako meta 475 hivi. Kati yake kuna kilometa zipatazo 66 za lami inayozunguka milima ya Umatengo, ikipita kando ya miteremko yenye mashamba ya ngoro, yale mashimo ya mraba yanayozuia udongo usikimbilie bondeni. Tofauti ya kimo inakaribia meta 850. Gari lenye tani mbili na nusu pamoja na mzigo, kwa kupandishwa tu kimo hicho, linadai nishati ya karibu kilowati-saa 6, yaani uniti 6 za LUKU, kabla ya kuhesabu upepo na msuguano wa matairi. Gari la dizeli huzilipa uniti hizo wakati wa kupanda, na wakati wa kushuka huzitupa zote kwenye breki, ambazo hupata moto hadi zinanuka. Madereva wa zamani wa barabara ile wanaijua harufu hiyo.

Mota ina tabia nyingine. Dereva anapoachia pedeli gari likiwa linateremka, magurudumu ndiyo yanayoizungusha mota, nayo hugeuka dainamo: inazuia gari na papo hapo inarudisha umeme kwenye betri. Si wote, maana kila hatua inakula chake. Lakini zaidi ya nusu ya ule uliolipwa kupanda unaweza kurudi. Uswisi kuna lori la machimbo lililopewa mota mwaka 2018, Komatsu kubwa la kubeba tani 65 za mawe ya saruji. Linapanda tupu na kushuka limejaa, na watengenezaji wake waliripoti kuwa kuna siku linamaliza kazi likiwa limezalisha umeme mwingi kuliko liliotumia. Barabara ya Mbamba Bay haina bahati kamili ya namna hiyo. Mahindi na maharage hushuka, ni kweli, ila samaki, usipa na mbasa, hupanda, na abiria hupanda na kushuka kama wapendavyo.

Kwa hesabu ya jumla, Land Rover iliyobadilishwa itatumia uniti 15 hivi kushuka na uniti 25 hivi kupanda. Jumla ni 40, yaani betri kubwa kwa kazi ya nyumbani, yote, kwa safari moja ya kwenda na kurudi. Kwa hiyo lazima ichajiwe kidogo ziwani. Tena kuna jambo ambalo mgeni wa mlima halioni upesi. Aliyejaza betri pomoni mjini Mbinga na kuanza kuteremka dakika hiyohiyo hana mahali pa kuuweka umeme unaorudi. Betri iliyojaa haipokei, mota haizuii gari, na breki za zamani zinabaki peke yake kwenye kona za kwanza. Huyo aondoke na betri yenye nafasi, si iliyofurika. Ni kinyume kabisa cha tanki la dizeli, na itawachukua madereva muda kulizoea jambo hilo.

Pesa zenyewe zinasemaje? Uniti moja kwa mteja wa kawaida wa biashara ndogo wa TANESCO, pamoja na kodi, ni shilingi 356 hivi. Mteja wa nyumbani wa matumizi madogo hulipa, kabla ya kodi, shilingi 100 mpaka uniti 75 kwa mwezi, akizidi hapo hulipa 350. Akichaji gari mara mbili tu, ameshaaga kundi la bei nafuu. Uniti 40 pamoja na zile zinazopotea kwenye chaja zitamgharimu shilingi 16,000. Land Rover ya dizeli kwa safari hiyo ya kilometa 132 haikosi kunywa lita 17, na lita inapozunguka shilingi 3,000 hiyo ni 51,000. Anayetumia umeme ameokoa 35,000 kwa safari.

Ni nyingi. Lakini wastani wa bei ya betri za lithiamu duniani mwaka 2024, kwa wanunuzi wakubwa wa viwandani, ulikuwa dola 115 kwa kilowati-saa moja, na mnunuzi wa betri moja kutoka Mbinga hapati bei ya viwandani. Betri ya uniti 40 peke yake inavuka shilingi milioni 11 kabla ya meli, ushuru na lori. Ongeza mota, kontrola, chaja, nyaya nene za shaba na mchonga vyuma. Ni vigumu kushuka chini ya milioni 25. Gawanya kwa 35,000: safari zaidi ya 700. Padri anayeshuka ziwani mara moja kwa juma atarudisha fedha hizo baada ya miaka zaidi ya 13. Gari la abiria linalokwenda na kurudi siku sita kwa juma litazirudisha kabla ya mwaka wa tatu kwisha, betri ikiwa bado na nguvu. Gari lilelile, mota ileile. Kinachoamua ni mara ngapi linapita barabarani.

Ndiyo maana habari ya Opibus ina funzo. Walioanza kwa kubadilisha magari ya zamani walibadili jina mwaka 2022, wakajiita Roam, na leo wanajulikana zaidi kwa pikipiki na mabasi mapya ya umeme. Huenda ni hesabu iliyowapeleka huko. Kila Land Cruiser ya zamani huja na matatizo yake, na kila moja hutaka vipimo vyake, wakati pikipiki elfu moja zinatengenezwa kwa kipimo kimoja.

Pikipiki ndiyo inayopaswa kuwa ya kwanza Mbinga. Bodaboda anayezunguka kilometa 100 kwa siku hunywa lita mbili na nusu za petroli, karibu shilingi 7,500. Kwa umeme kazi hiyo hiyo haizidi uniti 4 au 5, chini ya shilingi 2,000. Betri yake inabebeka kwa mkono, inaweza kuingia ndani ya nyumba na kuchajiwa kwenye soketi ya kawaida. Rwanda Electric Mobility ya Kigali ilikwisha kuonyesha kwamba pikipiki za petroli zilizotumika zinaweza kung'olewa injini na kuendelea kubeba abiria. Fundi anayetaka kujifunza kazi hii bila kufilisika aanzie huko: volti ni chache, uzito ni mdogo, na makosa ni ya bei rahisi.

Ya pili iwe boti. Wavuvi wa usipa walikwisha kufanya mabadiliko yao: taa za karabai zilizokuwa zikilamba mafuta ya taa usiku kucha zimewapisha balbu ndogo za betri. Injini ya boti haipandi mlima wala haihitaji gia boksi, na boti hurudi ufukweni uleule kila asubuhi. Upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, kampuni ya Asobo imekuwa ikiwakodisha wavuvi injini za umeme, ili mvuvi asilazimike kununua betri kwa mkupuo. Mfumo wa kukodisha unaweza kufaa Mbamba Bay na Liuli kuliko mfumo wa kununua, kwa kuwa kinachomshinda mvuvi ni lile fungu la kwanza la fedha.

Kuna hoja ambayo hutolewa na watu wenye akili timamu, nayo ni kwamba umeme wenyewe si wa kutegemewa, unakatika. Unakatika kweli. Lakini dizeli nayo inasafiri mamia ya kilometa kutoka pwani mpaka Mbinga, ndani ya malori yanayochoma dizeli ili kuleta dizeli, na waliokuwa wakubwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka foleni za mafuta na Jumapili ambazo gari binafsi lilihitaji kibali kutembea mchana. Umeme una chimbuko karibu. Masista Wabenediktini wa Chipole wana mtambo wa maji wa Tulila, megawati 5, kwenye Mto Ruvuma wenyewe, wakiuza umeme kwa TANESCO. Mbinga kuna mtambo mdogo wa Mbangamao. Na Bwawa la Nyerere, lililobuniwa kutoa megawati 2,115, lilikamilisha mitambo yake yote tisa mwaka 2025. Betri ya gari, zaidi ya hayo, haijali umeme ukikatika saa tatu usiku ukarudi saa saba, mradi alfajiri iwe imeshiba.

Hatari inayostahili kuogopwa iko kwingine. Betri ya volti 12 imewazoesha mafundi wetu kushika nyaya kwa mikono mitupu. Betri ya volti 144 inaua. Tena mkondo mnyoofu ukiruka cheche, cheche haijizimi upesi kama ya umeme wa nyumbani. Swichi ya ukutani iliyowekwa kukata umeme wa betri inaweza kuyeyuka ikiwa mkononi mwa aliyeigusa. Inatakiwa fyuzi ya kazi hiyo, swichi kuu inayofikiwa na dereva, glavu za mpira za mafundi umeme, na sheria moja isiyovunjwa: hakuna anayechomelea chesesi betri zikiwa zimeunganishwa.

Na kuna kadi. Kadi ya gari inataja injini, na gari lisilo na injini hiyo litamkuta askari asiyejua aandike nini. Mwenye gari aanze TRA, bima na wakaguzi wa usalama barabarani kabla ya kushika spana, kwa maandishi, si kwa maneno ya kijiweni. Kampuni za bima zitakuwa na maswali. Ni haki yao. Kwa upande mwingine, mkoa wenye VETA, SIDO na karakana za misheni unaweza kabisa kutoa orodha fupi ya ukaguzi wa magari yaliyobadilishwa: breki, uzito kwa kila ekseli, fyuzi, swichi ya kukata, uimara wa betri zisichomoke gari likipinduka. Ukurasa mmoja ungetosha kumtofautisha fundi makini na mbahatishaji.

Kwa hiyo, msomaji mwenye Land Rover juu ya mawe huko Litembo au Kigonsera, usikimbilie kununua mota. Anza kwa daftari: andika kwa miezi mitatu kilometa ambazo gari unalotumia sasa linatembea kila siku, na linalala wapi. Kama ni chini ya kilometa 50 kwa siku na kuna siku halitoki kabisa, acha. Nunua pikipiki ya umeme na uwauzie watu wa makumbusho gari la zamani. Kama linatoka kila siku na kurudi palepale, tafuta fundi wa kukereza vyuma kwanza, betri baadaye. Na ile injini ya dizeli usiipeleke kwa mnunuzi wa chuma chakavu mpaka gari lako jipya limepanda kutoka Mbamba Bay likiwa na mzigo kamili, mvua ikinyesha, na limefika Mbinga likiwa bado na uniti za kukurudisha nyumbani.